Nzi Waliotua Kama Kiganja

Mjukuu wangu ameajiriwa juzi kwenye kiwanda cha juisi, na jambo la kwanza alilokuja kunitangazia ni kwamba wamefungiwa taa ya buluu inayoua nzi. "Susu," akaniambia, "siku hizi nzi si shida. Ni kuwasha tu." Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Wewe mtoto, taa inaua nzi aliyekwisha kuzaliwa. Mamake umemwacha wapi?

Basi kaa hapo, wewe na wenzako mnaoanza kazi za viwandani, niwaambie kidogo. Mimi nilisafisha kiwanda kimoja cha maembe upande wa Salama, tangu miaka ya sitini ikiisha hadi ya tisini ikiingia. Nilizaliwa Kabati, nikaolewa huku Makueni, na jina nililopewa na baba yangu pale kazini halikutumika hata siku moja. Niliitwa Mama Mtaro. Mwanzoni nilinuna. Baadaye nikazoea, na mwishowe mtu akiniita jina lingine nilikuwa siitiki.

Kwanza mjue mnapigana na nani. Kuna nzi mkubwa wa shambani, yule anayechoma embe likiwa bado mtini na kutaga mayai ndani. Huyo mwachieni mkulima. Halafu kuna huyu mdogo mwenye macho mekundu, mwili wake kama punje ya wimbi, anayekuja akisikia harufu ya kitu kitamu kilichoanza kuchacha. Huyu ndiye wetu. Tena hahitaji tunda zima. Anahitaji utando tu, ule ute unaobaki ndani ya mtaro, chini ya mguu wa meza, au kwenye tambara la deki ulilolitupa konani likiwa bichi kwa sababu ulikuwa unakimbilia chai. Joto likiwepo, siku kumi zinatosha: yai, funza, nzi. Wewe bado unamtafuta aliyeacha tambara, wao wana wajukuu.

Mwaka wangu wa kwanza nilijifanya mjuaji. Nilishika pampu ya dawa nikawapulizia palepale juu ya mashine. Walikufa wengi, sikatai, na wote wakaanguka ndani ya pipa la uji. Uji ndivyo tulivyoyaita maembe yaliyosagwa. Pipa zima likaharibika. Mzee Kimeu, supavaiza wangu, hakunigombeza. Alinipa ndoo nikalimwage mwenyewe, safari moja baada ya nyingine, naye akanifuata nyuma taratibu akiimba wimbo wa mazishi. Wenzangu walicheka wiki nzima. Sijawahi kupuliza dawa juu ya chakula tena.

Huyo Mzee Kimeu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mfupi, mkali, haendi kanisani na haendi kwa mganga. Zamani aliajiriwa Kiboko, kwenye stesheni ya utafiti, kazi yake kulea wadudu kwenye chupa. Alikuwa anasema, "Hawa nimewalisha kwa mkono, nimewafunika wasipate baridi. Watanificha nini?" Na neno lake la kila siku lilikuwa hili: usimfukuze nzi, mfuate.

Akanifundisha mtego ambao ningewaachia urithi kama ningekuwa na kingine cha kuacha. Unachukua karatasi ya nailoni, unaipaka mafuta ya kupikia upande mmoja, unafunika nayo mdomo wa mtaro baada ya kazi, upande wa mafuta ukiangalia chini, na unabandika pembe zote. Kesho yake unafunua. Kama ni nyeupe, mtaro ni safi. Kama ina nzi, wametoka humohumo, na huna haja ya kubishana na mtu.

Hilo ndilo fundisho. Sasa niwaambie siku ambazo nililijua na sikulifuata. Kila kitu nitakachosema kina maelezo yake, nitawapa yote, na bado hata leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Tulikuwa na mtu wa boila na mabomba, jina lake Mbithi. Mtu mpole, shemasi kanisani, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. Hata akikuomba chumvi ungedhani anakupa siri. Mke wake, Kalekye, alichambua maembe kwenye meza ya kwanza. Walikuwa wamefunga ndoa kanisani, na mbuzi wa ntheo, wale wanaoifunga ndoa kwa mila yetu Wakamba, walikuwa wameshapelekwa. Kilichobaki ni uki, pombe ya wazee.

Hapo ndipo palikuwa na shida. Babake Kalekye, Mzee Mutua, hakuwa ameokoka na hakuwa na mpango huo. Watu wa kanisa walimpelekea kreti za soda, akazirudisha na chupa zake. "Soda ni ya watoto," alisema. "Binti yangu ataitwa bibi ya mtu siku nitakayoonja uki." Akampa Mbithi mtungi uliofinyangwa na marehemu mamake Kalekye. Mnajua kila mama mfinyanzi ana alama yake. Ya huyu ilikuwa mikato mitatu shingoni mwa mtungi, na shimo dogo la kidole pembeni. Akamwambia, "Unaenda nao mtupu, utarudi nao umejaa."

Na shemasi akionekana anapika pombe, anatengwa. Mbithi alibeba mtungi akaenda zake, na siku chache baadaye akamwambia mkewe umevunjika njiani. Kalekye alilia kwa ajili ya mtungi wa mamake, halafu akanyamaza. Miaka ikapita. Mzee Mutua akabaki hapo na neno lake.

Halafu Mbithi akafa. Ilikuwa katikati ya msimu, malori yamepanga foleni mpaka barabarani. Homa ilimshika Jumatatu, na Jumapili tulikuwa tunaimba kaburini. Kalekye alikaa nyumbani majuma mawili, akarudi kazini amevaa dastikoti ya mumewe, koti lake la kazi. Ilimfika karibu na vifundo vya miguu, na mikono alikuwa ameikunja mara tatu. Sheria yangu mwenyewe ilikuwa kila dastikoti ifuliwe kwa maji ya moto Jumamosi. Nilimwambia. Akaniangalia tu, akasema, "Mama Mtaro, bado ina harufu yake." Nikamwacha. Nani angekuwa na moyo wa kumlazimisha?

Wiki hiyohiyo nzi wakaja.

Nzi tulikuwa tumewazoea, msifikiri hatukuwa tumewaona. Lakini hawa hawakuja kwa lango la malori, wala kwa madirisha. Walikuwa ndani tayari. Ungeingia asubuhi kabla hata embe moja halijapasuliwa, sakafu kavu, mashine baridi, na hewa yote inatikisika kidogo mbele ya macho. Tuliosha mitaro kwa brashi na maji yanayochemka. Kesho wako palepale. Tukaanika matambara juani, tukainua kila mguu wa meza. Wakaongezeka.

Na chumba cha boila kikaanza kunong'ona. Mimi nilisikia mwenyewe, saa saba mchana, boila imezimwa wakati wa chakula, bati linalia kwa jua juu. Chini ya sakafu kulikuwa na sauti. Ilikuwa ndogo, yenye majimaji, inaongea kidogo halafu inanyamaza, halafu inaongea tena. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameingia kuchukua makaa alitoka mbio na viatu mkononi. "Ni Mbithi," akasema. "Ni sauti yake kabisa. Anaomba kitu." Tangu siku hiyo hakuna aliyekula chakula chake karibu na mlango ule.

Stuli ya Mbithi ilikuwa bado humo, pamoja na sanduku lake la spana, pale alipoziacha. Huwezi kukalia stuli ya mtu aliyekufa kabla watu wake hawajaja kuiondoa rasmi. Hakuna aliyewaita waje. Wote tukawa tunaizunguka.

Lakini kubwa lilikuwa la Kalekye. Nzi walimfuata. Akikaa mezani wanakuja, akienda chooni wanaenda. Na hawakumtua ovyo. Jirani yake wa mezani ndiye aliyeona kwanza, akapiga kelele, "Woi! Woi! Angalieni!" Tukageuka sote. Juu ya nyonga ya kulia ya ile dastikoti, nzi walikuwa wamekaa kimya, hawaruki, wameshikamana. Na walikuwa wamekaa kwa umbo. Kiganja kipana, vidole vinne vimeelekea chini, kidole gumba pembeni. Mkono wa mwanamume, umemshika mke wake kiunoni.

Kalekye aliangalia chini akauona. Hakupiga kelele. Aliupangusa, nzi wakaruka, na kabla hajapumua wakarudi wakakaa vilevile, kidole kwa kidole.

Mimi ni mtu wa kanisa, na siku hiyo nilisali sala ambayo sikumbuki ilikuwa na maneno gani.

Kuanzia hapo mdomo haukuzibika. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Mwanamume mzima hafi kwa wiki moja. Mkewe alimla kwa uchawi. Sasa mume amerudi kumshika. Aliyeyachochea sana maneno hayo alikuwa Nzioka, mdogo wake Mbithi, aliyekuwa mpakiaji wa kreti palepale kiwandani. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amempenda kaka yake na hakuwa na mahali pa kuweka uchungu wake. Akatangaza mbele yetu kwamba Jumamosi wazee wa ukoo wangekaa, na Kalekye angerudishwa kwao. "Kwani ni bibi ya nani?" akasema. "Uki haukufika. Hatukumaliza kuoa. Arudi na nzi wake."

Mnaelewa maana yake? Aache nyumba aliyokandika kwa mikono yake, shamba alilolilima, na kaburi la mumewe, atembee mpaka kwa babake na jina la mrogi mgongoni. Hilo jina halifuliki. Nilijua mama mmoja kule Kabati aliyelibeba mpaka akazikwa nalo.

Na mimi, bingwa wa mitaro, nilifanya nini? Hapa ndipo pananiuma. Nilikuwa na orodha ya kila mtaro, kila shimo na kila bomba, na kazi yangu ilikuwa kukagua moja moja na kuandika safi au chafu. Wiki ile nilikagua zote isipokuwa moja. Kulikuwa na shimo la vali kwenye chumba cha boila, limefunikwa kwa bamba la chuma lenye tundu la kuinulia. Stuli ya Mbithi ilikuwa juu ya hilo bamba. Nilisimama mlangoni na kalamu yangu. Chini ya stuli kitu kilinong'ona. Nikaandika "safi" nikaondoka.

Halafu nikamwambia Kalekye atoke nje, akaoshe vikapu uani, "mpaka mambo yapoe". Watu wakafurahi. Yeye alichukua brashi akaenda, na nzi wake wakaenda naye.

Alikuja kwangu Jumatano, wakati wa chakula. Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha tangi la maji. Hakukaa. Alisimama mbali kidogo, kama mtu aliyezoea sasa kusimama mbali.

"Mama Mtaro," akasema, "wewe unajua nzi. Wengine wanajua maneno tu. Niambie ukweli. Ni mimi?"

Nikaweka chakula changu chini.

"Kama ni mimi, sitangoja Jumamosi. Nitaenda leo. Lakini niambie wewe, nisiambiwe na Nzioka."

Aibu iliyonishika siku ile sijapata kuisahau. Mtoto wa watu ananiuliza swali la kazi yangu, na mimi sina jibu kwa sababu nimeogopa stuli. Nikamwambia, "Lete hiyo dastikoti."

"Utaifua?"

"Sitaifua. Lete niione."

Akaivua polepole. Niliipapasa mifuko, haikuwa na kitu ila tundu. Mfuko wa kulia ulikuwa umetoboka. Nikafuata kitambaa kwa vidole mpaka chini kwenye pindo, na humo, kati ya kitambaa na bitana, kulikuwa na kitu kigumu kama kipande cha sifongo kilichokauka. Nikachana uzi kwa meno nikakitoa. Nikanusa. Mungu wangu! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimeimba hiyo methali maisha yangu yote bila siku moja kuangalia nguo.

Kilikuwa kipande cha muatine. Lile tunda refu linalokaushwa, watu wanaliweka kwenye pombe ili iumuke. Kila Mkamba anaijua harufu yake, hata aliyeokoka. Hasa aliyeokoka.

"Hii ni nini kwa nguo ya shemasi?" nikamuuliza.

Kalekye alikuwa anatikisa kichwa tu. "Mbithi hakunywa. Hata siku moja. Mama Mtaro, haki hakunywa."

Tukampelekea Mzee Kimeu. Aliinusa, akaitandaza dastikoti juu ya meza yake, akailowesha kidogo kwa maji pale nyongani. Hatukungoja sana. Alikuja nzi mmoja. Akaja wa pili. Mbele ya macho yetu, mezani, bila mtu ndani ya nguo, kiganja kikajichora. Mimi nilirudi nyuma hatua mbili. Yule mzee akainama akakiangalia kwa karibu, kwa mapenzi kabisa, kama mtu anayeangalia ng'ombe wake.

"Wewe," akaniambia, "ukishika uji wa embe, mkono unafutia wapi?"

Nikaangalia dastikoti yangu mwenyewe. Nyonga ya kulia ilikuwa ya manjano.

"Huyu alikuwa anakoroga kitu kinachoumuka," akasema. "Amefuta mkono hapa, si mara moja. Nzi wanafuata sukari na hamira. Sasa tuambie, Mama Mtaro, alikuwa anakorogea wapi? Orodha yako inasema kila mahali ni safi."

Nikasema, "Kuna mahali niliandika uongo."

Hakunigombeza hata siku hiyo. Ingekuwa nafuu angeimba.

Jioni ile tulifunika kila mtaro kwa nailoni yenye mafuta. Lakini kufunika bamba la boila, lazima stuli iondolewe. Watu walikusanyika mlangoni, hakuna aliyevuka kizingiti. Nzioka alikuwa mbele, mikono kifuani. Nilipiga hatua, na ile sauti ikaongea chini ya sakafu, nikasimama. Basi Kalekye akanipita. Aliinama, akashika stuli kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayefagia nyumbani kwake, "Mbithi, sogea kidogo." Akaiweka kando. Na sanduku la spana akaliweka kando. Nikabandika nailoni kwenye tundu la bamba.

Alhamisi asubuhi tukazunguka. Mtaro wa kwanza, nyeupe. Wa pili, nyeupe. Zote nyeupe, moja baada ya nyingine, watu wakitufuata. Nailoni ya chumba cha boila hukuweza kujua kwamba ilikuwa nailoni. Ilikuwa nyeusi tii.

Mzee Kimeu akaingiza mtaimbo, akainua bamba.

Walitoka kwa muda mrefu. Hawakuruka kwa kasi, walipanda tu, wengi, kama pilipili manga iliyomwagwa hewani ikakataa kuanguka. Harufu ikaja nyuma yao, tamu na kali, ya sherehe ambayo imepitwa na wageni wake. Watu wakakimbia. Nilipoweza kufungua macho, nikaona chini.

Kulikuwa na mtungi. Ulikuwa umesimama wima shimoni, umezungushiwa gunia ili usiyumbe, na mdomo wake ulifungwa kwa kitambaa cha kichwa cha maua mekundu, katikati kimebonyea. Juu yake lilipita bomba la uji. Nati moja ya lile bomba ilikuwa imelegezwa, robo mzunguko tu, na kutoka hapo lilianguka tone. Tone likapita kwenye kitambaa likaingia mtungini. Mtungi ulikuwa umejaa zamani, unafurika, na kila tone likiingia, pombe ilitoa mapovu na kunong'ona.

Mwenye kuikaza ile nati alikuwa kaburini. Hakuna mwingine aliyejua. Majuma yote hayo ilidondoka, mashine ikiwashwa, na hata ikizimwa kwa uji uliobaki bombani, na utamu ukamwagika kwenye ukuta wa shimo, nzi wakala, wakataga, wakazaa. Sisi juu tunawaombea wapotee.

Kalekye alikuwa amepiga magoti kando ya shimo. "Hicho kitambaa ni changu," akasema. "Kilipotea kwenye kamba ya nguo." Halafu akaingiza mkono, akapangusa shingo ya mtungi kwa kidole gumba. Mkato wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Akatafuta kwa kidole lile shimo dogo pembeni, akalipata. "Aiya! Ni wa mama," akasema. "Haukuvunjika. Nzioka, njoo uone, haukuvunjika!"

Nzioka akaja. Aliangalia ndani muda mrefu. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Kaka yake, shemasi, aliyeogopa kutengwa, alikuwa amejificha chini ya sakafu ya kiwanda kupika uki, ili mke wake aitwe mke mbele ya watu. Nzioka alikaa chini palepale kwenye majimaji, akalia kama mtoto. Na mimi nikalia, Mama Mtaro mzima, na pua inachuruzika. Meneja wetu, mtu wa Murang'a, alikuja na hasira zake kuuliza ni nani aliyelegeza bomba. Akaona watu wanavyolia, akavua kofia, akarudi ofisini.

Mzee Mutua aliletwa Ijumaa asubuhi kwa baiskeli. Tulikuwa tumeutoa mtungi nje ya lango, kwa sababu ndani sikuukubali hata kwa dakika moja zaidi, mila au si mila. Nzioka mwenyewe ndiye aliyesema maneno. Alisimama amenyooka, akasema, "Baba, ule mtungi uliompa kaka yangu, ameurudisha. Umejaa."

Mzee aliuzunguka. Aligusa alama ya mkewe. Akafungua kitambaa, na harufu iliyotoka ilimfukuza mbwa mmoja. Ile haikuwa uki tena, wajukuu wangu. Ilikuwa siki. Ungeweza kusafishia nayo kutu. Nikasema, "Mzee, usinywe, kuna funza." Mzee Kimeu akanikanyaga mguu.

Akachota kwa kibuyu, akapuliza juu, akanywa. Uso ulijikunja wote, macho yakapotea, machozi yakamtoka. Tukangoja. Akameza. Akapumua. Akageuka kwa Nzioka na kusema, "Waambie wazee wenu wa Jumamosi, nimeonja. Uki umefika." Halafu akamshika Kalekye begani na kumwambia, "Nenda nyumbani kwako, bibi ya Mbithi."

Jumamosi wazee hawakukaa.

Tulikaza ile nati. Tulikwangua shimo, tukalichemshia maji, tukalipiga brashi mpaka simenti ikaonekana changa. Nzi waliendelea siku tisa, kumi, wale waliokuwa tayari ndani ya magamba yao, halafu wakaisha. Na mimi niliifuta ile "safi" kwenye orodha yangu nikaandika "chafu", na hiyo karatasi niliibandika kabatini kwangu, ikakaa hapo hadi nilipostaafu. Mkiniuliza nimejifunza nini kwa miaka yote hiyo, ni hiyo karatasi. Nzi hukaa pale ambapo mkaguzi anaogopa kuinama.

Lakini kulikuwa na jambo moja limebaki. Jumamosi ya wiki iliyofuata Kalekye aliniletea dastikoti, ili ichemshwe na zingine. Maji yalikuwa tayari kwenye pipa, yanatokota. Niliponyoosha mkono, akairudisha kifuani.

"Nipe dakika," akasema.

Akaivaa. Akaenda akasimama juani karibu na bomba, akalowesha nyonga kwa maji kidogo, kama alivyomwona Mzee Kimeu akifanya. Nilitaka kumwambia hakuna maana, wengi wameshakufa. Nikafunga mdomo. Alikuja nzi mmoja, akaja mwingine, walikuwa wachache sana siku hiyo, haba kabisa. Wakajipanga. Vidole viwili vilikamilika, cha tatu kilikuwa nusu, na kiganja kilikuwa na mapengo.

Kalekye aliweka mkono wake juu ya ule mkono, taratibu, bila kuubonyeza. Nzi hawakuruka. Alisimama hivyo, mpaka mimi nikageuza uso.

Halafu akaivua, akaitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya moto.